Zege Halilali

Fundi alitaka laki mbili kubomoa jiko letu la zamani. Nikamuuliza kama humo ndani kuna na ya kujenga. "Hapana bosi, hiyo tutaongea. Hii ni ya kubomoa tu." Nikacheka mpaka akaona aibu kwa niaba yangu. Kubomoa kuna ufundi gani? Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu na hubomoa kila siku, tena bure.

Jiko lenyewe, hapa Tabata, lilijengwa na mzee aliyetuuzia nyumba, mtu ambaye ni wazi hakuwa na imani na kitu chochote chepesi. Kaunta ya zege imevalishwa vigae vya bluu. Makabati ya mninga yamepigiliwa ukutani kwa misumari ya nchi sita, kana kwamba yangetoroka.

Jumamosi asubuhi nikaazima kwa jirani nyundo ya kilo tano, tindo na mtalimbo. Nikavaa bukta, raba na miwani ya jua ya kukinga macho. Mke wangu akanitazama, akauliza kama naelekea Coco Beach.

Nilianza na makabati, na hapo nilifanya vizuri, nisijidharau. La tatu lilipong'oka, nyuma yake tukakuta kiota cha panya: risiti za LUKU zilizotafunwa, mfuniko wa hotipoti na vijiko vitano vya seti tuliyozawadiwa harusini. Mke wangu akanyamaza. Miaka minne iliyopita alimsema sana dada wa kazi kwa ajili ya vijiko hivyo, mpaka binti akafunga virago akarudi kwao. Akatoka nje na simu. Dirishani nilimsikia akiomba radhi kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuombwa nayo. Aliporudi nikauliza dada kasemaje. "Kauliza cha sita kiko wapi."

Ikaja zamu ya kaunta.

Vijana wa ujenzi wana msemo wao, zege halilali: likishachanganywa lazima limwagwe siku hiyohiyo, hata giza likiingia. Mimi siku hiyo nilijifunza kwamba hata likishamwagwa halilali. Saruji huendelea kukomaa taratibu kwa miaka. Maana yake, muda wote huu ambao mimi nilikuwa naota kitambi, kaunta ilikuwa inafanya mazoezi. Nilipiga nyundo ya kwanza, nyundo ikaruka ikarudi kunisalimia. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimemega kipande cha ukubwa wa andazi, na ndani yake nondo inang'aa kama jino la dhahabu.

Usiku nilipiga hesabu, kazi ambayo mtu mwenye akili angeifanya asubuhi. Urefu mita mbili na nusu, upana sentimita 60, unene sentimita 10. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na kilo 2,400 hivi. Nilikuwa napigana na kilo 360, zaidi ya mifuko saba ya saruji, na yenyewe imeshikana mikono.

Basi nikabuni mbinu: badala ya kuipiga kaunta, nipige pale inapoungana na ukuta. Mapigo matatu. La nne nyundo haikurudi. Ilikuwa imepita. Vumbi lilipotulia nikaona tundu la kutosha kichwa, na ng'ambo ya tundu, kwenye kochi la sebuleni, mama mkwe wangu ameshika rozari.

Ningefanyaje? "Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Karibu."

Nikahamia kwenye sinki kwa unyenyekevu. Nilishafunga koki kuu pale kwenye mita, na nililisema hilo kwa sauti ili watu wajue nyumba ina mwanaume. Nilichosahau ni kwamba maji yalitoka usiku wa Ijumaa, na juu ya mnara simtanki lilikuwa na lita 1,000 ambazo hazina habari na mita. Zenyewe hushuka tu. Nikavuta sinki, bomba likakatika usawa wa ukuta, maji yakanipiga kifuani. Watoto wakaja mbio wakishangilia. Mke wangu akapaza sauti, "Koki ya tanki!" Nikapanda mnara, nikakuta koki imeshikwa na kutu, haigeuki hata kwa kuibembeleza. Kule chini, kupitia tundu, mama mkwe alikuwa anatoa maelekezo: kateni kandambili, chomekeni, fungeni kwa mpira wa baiskeli. Wakafanya hivyo. Maji yakakoma. Nilipoteremka, kandambili iliyokatwa ilikuwa ya kwangu.

Jumatatu fundi alikuja. Akalizunguka jiko kimya, mikono mgongoni, kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika. Akagusa kandambili ukutani. Akachungulia kwenye tundu, akaamkia.

"Kaunta ni laki mbili ileile, bosi. Kuziba hili tundu, elfu hamsini."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka ng'ambo: "Tundu liacheni. Tangu litobolewe, chai inanifikia ikiwa ya moto."

Fundi akanitazama. "Basi kulichonga liwe dirisha," akasema, "elfu themanini."