Kuku wa Singida Hajui Gofu

Nilipompigia shangazi simu kutoka Arusha kumwambia najifunza gofu, alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza kwa sauti ya msibani, "Umekonda kiasi gani, baba?"

Sikumlaumu. Kwake yeye gofu ni nyumba iliyobaki kuta, kama yale ya Kilwa, au ni mtu aliyedhoofika hadi mbavu zinahesabika kwa mbali. Nikamweleza kuwa hii gofu nyingine ni mchezo. Unapiga kampira kadogo kwa fimbo, unakafuata kalikokwenda, unakapiga tena, mpaka kaingie shimoni.

"Halafu?"

"Halafu unakatoa."

"Unakatoa? Halafu?"

"Unakwenda shimo linalofuata, shangazi. Yako 18."

Akaniuliza kama huko Arusha napata chakula cha jioni.

Chanzo cha mimi kujifunza kilikuwa saa ya mkononi. Mwajiri wangu ana kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida mjini, na alinipeleka Arusha miezi mitatu kusomea vifungashio na masoko. Siku moja akaletwa darasani mgeni aliyevaa saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, akatuambia kuwa biashara za maana hazifungwi ofisini, zinafungwa kwenye uwanja wa gofu, kati ya shimo la 7 na la 8. Mimi biashara ya kufunga sikuwa nayo. Lakini ni mtu ninayeamini saa kubwa. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimesimama kwenye majani yaliyokatwa vizuri kuliko nywele zangu, nimelipia masomo sita kwa fedha ambayo mnadani ingenipa mbuzi wawili na chenji ya mishikaki.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mwembamba aliyeanza utotoni kwa kubebea wazungu mifuko ya fimbo. Jina langu hakulihitaji. Aliniuliza natoka wapi, na kuanzia hapo nikawa Singida.

"Singida, shika fimbo."

Nikaishika.

"Hilo ni jembe. Shika fimbo."

Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinasukwa na cha shahada cha mkono wa kushoto, dole gumba linalala, viganja vinatazamana. Vidole vyangu vilikataa kusukwa. Mwalimu akanitazama, akasema, "Wewe si mtu wa kuku? Basi shika kama umeshika kifaranga. Kisikimbie, na kisife." Hapo nilielewa. Nilisimama, nikakunja magoti, nikainamisha kichwa, nikavuta pumzi, nikapiga hewa. Mpira ulibaki palepale, safi, kama mgeni asiyejua kama ameshakaribishwa.

Mara ya pili niligusa kitu. Likaruka bonge la udongo na majani yake, likaupita mpira, likaanguka mbele hatua kumi hivi. Mpira wenyewe uliviringika kidogo ukatulia.

"Singida," akasema Mwalimu taratibu, akiliokota lile bonge na kulirudisha mahali pake kama anayefunga kidonda, "huku hatulimi."

Somo la tatu ndipo alipogundua ugonjwa. Aliniuliza nyumbani kwetu tunatumia fimbo kwa kazi gani. Nikamwambia tunapura alizeti. Vichwa vya alizeti vikishakauka vinalundikwa juu ya turubai, watu wanakaa pembeni na fimbo, wanapiga mpaka mbegu ziachane na vichwa. Fimbo inapanda juu ya kichwa, inashuka wima. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa na meno ya utoto. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Fimbo ya gofu inazunguka mwili, inatoka nyuma ya bega, inapita kwenye mpira kama inafagia, inamalizikia bega la pili. Mkono wangu ulikuwa unajua njia moja tu, juu na chini, na ulikuwa na uzoefu wa miaka thelathini.

"Na kichwa chini, Singida! Unainua kichwa kuangalia mpira umekwenda wapi. Haujakwenda popote!"

Somo la sita, mpira mmoja ulikwenda. Sijui nilifanya nini. Ulitoka na mlio mdogo kama wa kuvunja muwa, ukapanda, ukanyooka, ukatua mbali kwenye majani, na Mwalimu hakusema neno. Huo ni mpira mmoja kati ya karibu hamsini, na ndio ulioniharibia akili. Jioni ileile nilinunua kwa mtu fimbo mbili zilizotumika, ya chuma namba 7 na ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, pamoja na mipira tisa. Kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Nilikuwa nimebakiza kumi na mbili, nikajiona niko njiani.

Basi la kurudi nyumbani linapita Babati na Katesh, na tangu Babati mzee mmoja wa kiti cha jirani alikuwa anaitazama ile namba 7. Tulipokaribia Singida akainama sikioni kwangu. "Kijana, hicho kipimo chako kinashuka futi ngapi?" Alidhani ni chombo cha kutafutia madini. Nilipomwambia ni cha mchezo alitabasamu kama mtu anayejua kutunza siri, akaniambia kwamba Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu lakini hawakuimaliza, na kwamba yeye analo shamba huko. Mpaka leo ananipigia simu.

Sasa Singida. Ukitazama nchi hii, gofu ilipandwa na wakoloni kule walikokuta kahawa, chai au bahari, ndiyo maana utaikuta Arusha na Moshi, utaikuta Mufindi, utaikuta Dar es Salaam. Sisi walitukuta na upepo, mawe makubwa na ziwa la chumvi. Nilichagua eneo nyuma ya nyumba ya shangazi, nje kidogo ya mji, kutoka pale unaliona Ziwa Singidani. Eneo lenyewe lilikuwa limeshavunwa, nikadhani ni wazi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo Mwalimu hakunifundisha. Gofu inataka ardhi isiyo na kazi, na kwetu ardhi ya namna hiyo haipo. Shamba likishavunwa linaingia ng'ombe. Ng'ombe wakitoka wanaingia mbuzi. Mbuzi wakitoka wanapita akina mama wa kuni, na pasipopita mtu pana mwamba ambao mtu ameanikia kitu juu yake. Kila nilikoelekeza mpira palikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe aliniamkia au niliwajibika kumwamkia. Mchezaji wa kulipwa anaomba watazamaji wanyamaze. Mimi nilikuwa nainua fimbo huku najibu habari za nyumbani, za kazi, za Arusha na za mvua ya huko.

Upepo usiseme. Ni upepo ambao wataalamu wamekuwa wakiupima kwa ajili ya mitambo ya umeme, na mimi nilikuwa nikirusha juu yake kitu kisichozidi gramu 46. Mpira wa kwanza ulitoka kuelekea mashariki ukatua magharibi. Wa pili uligonga jiwe kubwa, ukarudi ukanipita sikio. Miwili ilikwenda ziwani. Watoto walikuwa wananiokotea kwa shilingi 200 kila mpira, biashara ikaenda vizuri siku tatu, kisha wakafanya mkutano. Siku ya nne mipira ikawa haionekani, na kuionyesha ni shilingi 500. Hiyo ndiyo biashara pekee niliyowahi kuiona ikifungwa uwanjani, na walioifunga walikuwa wa darasa la tatu.

Nikaamua kuachana na masafa, nijifunze kusukumia shimoni. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kopo la rangi la lita moja linakaribia hapohapo, hivyo nikalifukia uani kwa shangazi likawa sawa na ardhi. Tatizo likawa vumbi: mpira unazama badala ya kuviringika. Nikakumbuka Mwalimu alivyonisimulia kwamba zamani viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na majani laini kuzunguka mashimo. Walimwaga mchanga, wakauchanganya na oili, wakausawazisha, wakauita brauni. Nikaenda kwa fundi pikipiki, nikaomba dumu la oili chafu. Alinipa bure, tena kwa furaha. Nilipaswa kushtuka.

Brauni yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa naisawazisha kwa ubao asubuhi na jioni, na mpira uliviringika juu yake kama umetumwa. Siku ya pili akapita kuku mwekundu wa bibi jirani. Akasimama katikati, akaparura pale katikati, akatafuta mchwa, hakupata, akaondoka kwa maringo kuelekea kwenye turubai ambalo shangazi alikuwa ameanikia mtama wa kusaga. Akatembea juu ya mtama wote. Nyayo zilikuwa nyeusi, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, safi kama mhuri wa serikali. Shangazi alitoka ndani akaangalia nyayo, akaangalia brauni, akaniangalia mimi.

"Baba," akasema, "hili gofu lako limeanza kutuangusha na sisi."

Niliosha mtama debe zima. Harufu ya pikipiki haikutoka. Na katika zile shughuli za kuosha sikuhesabu mipira, la sivyo ningegundua kuwa uani umebaki mmoja badala ya miwili.

Wiki tatu baadaye bibi jirani akaja amefunika kitu kwenye kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Bibi huyu ana adabu, haingii kwenye shida kabla ya kumaliza habari za afya. Alipomaliza afya ya ukoo mzima akafunua kanga.

"Mjukuu wangu, kuku wangu ameatamia mayai 12. Kumi na moja yametotolewa. Hili moja limekataa. Nikasema ni viza, nikalipiga jiweni nilimwagie mbwa. Likaruka likanirudia."

Lilikuwa na mkwaruzo mmoja na alama ya oili. Niliokota mpira wangu kwa aibu. Ukiuweka kiganjani pamoja na yai la kuku wa kienyeji, kwa uzito na kwa ukubwa havipishani sana, kuku hana kosa. Nikamwambia bibi pole, huu ni wangu, asante kwa kuutunza.

"Asante haitoshi," akasema bibi kwa upole uleule. "Siku 21 ameukalia. Lile joto ni la nani?"

Tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nilijiandaa vizuri. Nilieleza kuwa kwa kanuni za gofu mnyama akiusogeza mpira uliotulia, unarudishwa mahali pake bila adhabu. Nikaeleza kuwa mchezaji anapewa dakika 3 za kutafuta mpira uliopotea, na kwamba kabla ya 2019 zilikuwa 5. Nikataja hata klabu ya Nyanza ya Kisumu, ambako husimuliwa kuwa enzi za wakoloni palikuwa na kanuni ya kumruhusu mchezaji adondoshe mpira mwingine iwapo wake umetua karibu mno na kiboko au mamba.

Balozi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, kwenye hizo kanuni za kiboko, kuku wametajwa? Nikasema hapana. La pili, hizo dakika 3 zako ziliisha lini?

Hukumu ilitoka kabla chai haijapoa. Nimlipe bibi nusu debe la mtama, usionuka pikipiki. Oili yote ifukuliwe. Mpira abaki nao kuku, kwa sababu tangu atotoe vifaranga amekuwa akirudi kulala palepale alipoukalia, na bibi hataki kumvuruga. Nilipouliza kama kuna rufaa, balozi akaniambia ipo, niende nikakate kwa kuku.

Kwa hiyo huko Arusha kama kuna mtu anayenisubiri kati ya shimo la 7 na la 8, asinisubiri. Ile fimbo fupi inafungia banda la kuku la bibi. Namba 7 niliiegemeza ukutani nikaisahau, mpaka msimu wa kupura ulipofika na fimbo ya shangazi ikavunjika siku ya kwanza. Aliichukua, akaipima mkononi, akaigeuza juu chini. Anashikilia kile kichwa cha chuma na kupigia upande wenye mpira wa kushikia, kwa sababu, anasema, upande huo haupasui mbegu. Vidole vyake vinakaa vizuri, kama ameshika kifaranga. Kufikia jana jioni alikuwa amepura magunia manne, na kichwa hakukiinua hata mara moja.