Kidole cha Mbwa na Jicho la Kamera: Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Crufts

Kwa Kamati ya Maonyesho ya Crufts,
Klabu ya Mbwa ya Kifalme, London.

Nakala: Watayarishaji wa matangazo ya televisheni.

YAH: KAMERA KUPEWA LIKIZO KATIKA KAZI YA HAKI

Kwa heshima na taadhima, Kamati inapongezwa kwa kuendeleza maonyesho ambayo, tangu Charles Cruft alipoyaanzisha mwaka 1891 katika mtaa wa Islington jijini London, yamewafanya watu wazima wenye akili timamu waamini kwamba mwendo wa mbwa juu ya zulia la kijani ni jambo la kukosesha usingizi. Pongezi zinatangulia kwa sababu yanayofuata si matamu kiasi hicho, na adabu humtaka mgeni akisifu chakula kabla ya kuuliza kwa nini kina mchanga.

Mchezo unaozungumziwa hapa ni ajiliti, yaani mashindano ambamo mbwa, akiongozwa kwa sauti na ishara tu na mtu anayekimbia kando yake bila kumshika wala kumfunga kamba, huruka viunzi, hupenya mahandaki, hujipinda kushoto na kulia kati ya fito 12 zilizosimikwa katika mstari mmoja, na hupanda na kushuka madaraja ya mbao kwa kufuata mpangilio wa namba ambao mbwa mwenyewe hajapata kuuona, kwa kuwa ni mwongozaji peke yake anayeruhusiwa kuukagua kabla ya kuanza. Anayemaliza kwa makosa machache ndiye bora, na makosa yakilingana saa ndiyo inayoamua. Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1978, pale John Varley, mjumbe wa kamati ya Crufts, alipohitaji kitu cha kuwachangamsha watazamaji katika muda uliokuwa wazi kwenye ukumbi wa Olympia, akamwomba mkufunzi wa mbwa Peter Meanwell wasaidiane kubuni onyesho la mfano wa mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Miaka miwili baadaye Klabu ikautambua rasmi. Asili hiyo haipaswi kusahauliwa, kwa maana mchezo uliozaliwa ili kuziba pengo la ratiba unaendelea kuikumbuka kazi yake ya kwanza, na kila mara masilahi ya mbwa yanapokutana mlangoni na masilahi ya mtazamaji, mtazamaji ndiye hupishwa atangulie.

Suala la kwanza linahusu rangi. Miongoni mwa vikwazo vya ajiliti limo daraja jembamba, lenye upana wa takriban sentimita 30 na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, ambalo ncha zake, kwa urefu wa karibu sentimita 90 kila upande, hupakwa rangi tofauti, mara nyingi njano, na kuitwa eneo la mguso. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Waliotunga kanuni za ajiliti wakaongeza sharti la mahali pa kushukia, kwamba mbwa lazima akanyage sehemu hiyo ya chini, japo kwa kipande cha wayo, ili asijirushe kutoka juu na kuyavunja mabega yake. Asiyekanyaga hutozwa alama 5 za adhabu. Kanuni ni nzuri na nia yake ni njema. Shida ni kwamba mbwa wa leo hushuka daraja hilo kwa kasi inayomfanya agusane na rangi kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa kope, huku mwamuzi, ambaye naye yuko mbioni akitafuta mahali pazuri pa kutazamia, akitegemea macho mawili aliyopewa na Mungu, na mara nyingine kutoka upande usiofaa. Akiinua mkono, mbwa amekosa. Asipouinua, mbwa amegusa. Na kwa mujibu wa desturi ya mchezo, uamuzi wake ni wa mwisho.

Wakati huohuo kamera, ambayo haijachoka wala haijazibwa na mgongo wa mtu, imekwisha kuuona ukucha wa mbwa huyo ukipita juu ya rangi bila kuigusa, na inaweza kuuonyesha kwa mwendo wa polepole kwa mtazamaji aliyejilaza sebuleni na kikombe cha chai mkononi. Matokeo yake ni hali ya ajabu ambamo mtu aliye mbali kabisa na uwanja ndiye anayejua ukweli, na aliye karibu nao kuliko wote ndiye anayekatazwa kuujua. Barua hii haidai kwamba teknolojia ya kumsaidia mwamuzi huleta amani: wapenzi wa soka wa Dar es Salaam na Mombasa, ambao tangu VAR ilipoingia Ligi Kuu ya Uingereza katika msimu wa 2019/2020 wamepigania kwa usiku mzima kwapa la mshambuliaji lililozidi mstari, ni mashahidi wa kutosha. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupendekeza kwamba marudio waonyeshwe mashabiki wote isipokuwa refa. Wazo hilo la kipekee ni mali ya ulimwengu wa mbwa, na Kamati inastahili kulisajili.

Huenda kamera imepewa likizo hiyo kwa sababu ina kazi nzito zaidi mahali pengine. Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 2017, katika kipengele cha ajiliti kwa mbwa waliookolewa, yaani mbwa waliotelekezwa kisha wakapatiwa makao mapya, ambapo Jack Russell mmoja aitwaye Olly aliruka kiunzi kwa moyo wote, akatua kwa pua, akabiringika, akainuka na kuendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha isiyotambua namba wala mpangilio. Hakuonekana kuumia, nalo ni jambo la kushukuriwa. Mwanguko wake ukatazamwa mara mamilioni duniani kote na kumfanya maarufu kuliko mabingwa wengi waliogusa rangi zote. Baadaye akaja Kratu, mbwa chotara aliyetoka Romania, ambaye umaarufu wake ulitokana na kuingia handakini na kutokea mlango uleule alioingilia. Mbwa hawa wawili hawana hatia, na anayewacheka hana hatia pia, kwani Kratu alikuwa akicheka kwa namna yake. Lakini pua ya Olly iligusa ardhi mbele ya kamera zilezile ambazo haziruhusiwi kushuhudia ukucha wa mwenzake ukigusa rangi, na hapo ndipo mtu hujiuliza kanuni inayotawala ni ipi, isipokuwa iwe ni kwamba ushahidi hukubalika pale tu unapochekesha.

Kwa kuwa Kamati hupenda mambo yaliyo na utaratibu, inashauriwa iuandike ukweli huu katika kitabu cha kanuni, ianzishe Kombe la Mwanguko Bora lenye waamuzi watatu na marudio ya pembe zote, na imteue daktari wa mifugo kuwa mshereheshaji, ili asikae bure.

Daktari huyo, akipewa nafasi ya kusema, huenda akaharibu sherehe. Uchunguzi uliowahusisha wamiliki wa mbwa wa ajiliti katika nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba karibu theluthi ya mbwa hao walikuwa wamepata jeraha walau mara moja, na tafiti za aina hiyo zimekuwa zikilitaja bega miongoni mwa viungo vinavyoumia zaidi, huku viunzi vya kuruka na kikwazo cha mbao kilichosimamishwa mfano wa paa la nyumba vikiwa miongoni mwa vyanzo vikuu. Mbwa wa aina ya Border Collie, mchunga kondoo ambaye hutawala mchezo huu kiasi kwamba haki, kwa aina nyingine nyingi, imebaki kuwa uhuru ulio sawa wa kushindwa naye, ndiye pia aliyeonekana kuumia kupita kiasi. Kwa maneno mengine, bingwa na majeruhi mara nyingi ni mbwa mmoja, aliyepigwa picha kwa nyakati tofauti; na picha moja tu ndiyo hutangazwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichorekebishwa. Katika miaka ya mwanzo mbwa wakubwa walirukishwa viunzi vya inchi 30, yaani sentimita 76. Vikashushwa hadi 65, na leo ni 60, pamoja na kundi jipya la ukubwa wa kati lililoundwa kwa ajili ya mbwa wenye kimo cha zaidi ya sentimita 43 hadi 50 mabegani, ambao huruka sentimita 50. Handaki la kitambaa, lile ambalo mbwa aliliingia asione mwisho wake na kutoka akiwa amefunikwa, na mara nyingine amenaswa, liliondolewa na Klabu ya Mbwa ya Marekani mwaka 2016, na vyama vingine vikafanya vivyo hivyo. Yote haya ni mema. Ila kila rekebisho limechukua miaka, na mbwa huishi miaka michache. Na bado mbwa mwenye kimo cha sentimita 51 huruka kiunzi kilekile anachoruka mwenye sentimita 62, kana kwamba sentimita zinazozidi mstari hazina uzito kwenye goti.

Kamati inaijua nguvu ya kamera kuliko yeyote. Mwaka 2008 BBC, iliyoyatangaza maonyesho haya kwa mara ya kwanza mwaka 1950, ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu maradhi ya kurithi ya mbwa wa ukoo, na baada ya mvutano uliofuata haikuyatangaza tena maonyesho ya mwaka 2009. Matangazo yakahamia baadaye katika familia ya Channel 4. Wakati huo Klabu ilikasirika, nayo ilikuwa na haki ya kukasirika kama taasisi yoyote inayotazamwa jikoni mwake, lakini kabla ya majira kupinduka ilikuwa imekwisha kutangaza marekebisho ya viwango vya aina za mbwa kwa ajili ya afya zao. Kamera ilifanya katika miezi kadhaa kazi ambayo malalamiko ya miaka mingi hayakuifanya. Ni chombo hichohicho, katika maonyesho hayohayo, ambacho sasa kimepangiwa zamu ya kutafuta mbwa aliyetua kwa pua.

Haiombwi, basi, kwamba vicheko vipigwe marufuku, wala kwamba kila hatua ya mbwa isimamishwe mpaka watu wenye vifaa vya masikioni waafikiane. Linaloombwa ni dogo na halina gharama kubwa, kwa kuwa kamera zimekwisha kulipiwa: kwamba katika fainali, pale mwongozaji anapopinga uamuzi wa eneo la mguso, mwamuzi aruhusiwe kuyatazama marudio yaleyale anayotazama mtu wa sebuleni, kwamba picha za kila mwanguko, zikiwa kamili na bila muziki, akabidhiwe daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kikwazo kilichowaangusha mbwa wengi kisirudishwe uwanjani kabla daktari hajaeleza sababu, na kwamba orodha ya mbwa walioumia, pamoja na kikwazo na aina ya jeraha, ichapishwe kila mwezi Machi kando ya orodha ya washindi, kwa herufi za ukubwa uleule.