Namna ya Kushindwa kwa Heshima na Albamu ya Msiba

Rafiki, albamu hii itakushinda. Inaitwa Stage Four, albamu ya nne ya bendi ya Touché Amoré ya Los Angeles, Marekani. Ilitoka Septemba 2016, ina nyimbo 11 na haifiki hata dakika 40. Mwimbaji, Jeremy Bolm, alikuwa amefiwa na mama yake kwa saratani, na humo anapiga mayowe tangu mwanzo karibu hadi mwisho. Kushinda sahau. Kazi yetu ni kushindwa vizuri, na njia za mkato zipo.

1. Soma kwanza. Mayowe ya screamo, mtindo ulioshika mizizi San Diego mwanzoni mwa miaka ya 1990, hayashikiki kwa sikio geni. Usijitese. Tafuta mashairi ya nyimbo, yasome mstari kwa mstari, ndipo uwashe muziki. Utasikia kila neno, na aliyekaa karibu nawe atadhani una sikio la ajabu. Mwache adhani.

2. Ingia kwa mlango wa uani. Wimbo wa kwanza unaweza kusubiri. Anza na “Palm Dreams”. Humo mwana anajiuliza mama alifuata nini alipohama Nebraska kwenda California, swali ambalo hakuwahi kumuuliza alipokuwa hai. Nawe unalo swali kama hilo kwa mzazi wako. Ndiyo maana mlango huu haukatai mtu.

3. Andaa kisingizio. Najua hupendi kuonekana unalia, basi katakata vitunguu wakati “Eight Seconds” inapigwa. Siku ya Halloween ya mwaka 2014, Bolm alikuwa jukwaani kwenye tamasha huko Gainesville, Florida. Aliposhuka, simu ikampa habari: mama amekata roho wakati yeye akiimba. Weka vitunguu vya kutosha.

4. Ukizidiwa, kimbia. Zima, kanywe chai, rudi kesho. Bolm mwenyewe alikimbia: katika “New Halloween” mwaka umeshapita, na anakiri kwamba bado hajapata moyo wa kusikiliza ujumbe wa mwisho wa sauti ambao mama alimwachia kwenye simu. Kwa kukiri huko naiamini albamu hii. Mama alikuwa mtu wa dini, mwana hana imani, na hajifanyi kuwa nayo ili msiba uwe mwepesi. Asiyejisingizia ushujaa hawezi kukudai wewe uwe shujaa. Pumzika kadiri unavyotaka.

5. Jisifu kidogo. Umeteseka, unastahili kusema neno mbele ya watu. Waambie sauti ya kike inayosikika kwenye “Skyscraper”, wimbo wa mwisho, ni ya mwimbaji Julien Baker. Waambie pia kuhusu video ya wimbo huo: Bolm anasukuma kiti cha magurudumu kisicho na mtu katika mitaa ya New York, mji ambao mama yake aliupenda. Ukifika hapo, hamu ya kujisifu itakuishia yenyewe. Nyamaza, watakuelewa.

6. Usikate mwisho. Nimekuruhusu njia zote za mkato, hii nakukataza. “Skyscraper” inapokaribia kuisha, kidole chako kitatafuta pa kuzimia. Kizuie. Ule ujumbe ambao Bolm aliukimbia unachezwa pale, kwa sauti ya mama mwenyewe. Mayowe yote uliyoyavumilia yalikuwa safari ya mtu mmoja kuufikia ujumbe huo, na amekungoja muusikilize pamoja. Ruka wimbo wowote mwingine, soma kabla, lia kwa kisingizio cha vitunguu, lakini hapa kaa. Shindwa ukiwa umemsikiliza mama wa mwenzako mpaka amalize kusema.