Upepo wa Yaeda Hausomi Maelekezo

Shemeji yangu ni mtu wa maendeleo. Mei 2024, Rais Samia alipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, shemeji aliusikia redioni huko Arusha anakofanya kazi. Akaamua kwamba hiyo asilimia ianzie kwa mke wa kaka yake. Likizo ilipofika akateremka kwetu bondeni, Yaeda Chini, na boksi kubwa kwenye pikipiki, mtungi wa kilo 15 umefungwa nyuma kwa mpira, dereva amenuna.

Ndani ya boksi mlikuwa na jiko la gesi la infraredi, pleti mbili, juu kioo cheusi kinachong'aa hadi unajiona ulivyokonda. "Hili ni la jiko la nje," akasema. Jiko letu la nje, kwa wasiolijua, ni mabati juu ya nguzo nne, ukuta upande mmoja, mafiga matatu na mbuzi wawili ambao hakuna aliyewaalika.

Akatusomesha. Jiko la gesi la kawaida hutoa ndimi za buluu. Hili halina ndimi. Lina kigae cha kauri chenye vitundu vidogo vidogo mamia kwa mamia. Gesi inachanganyika na hewa ndani ya bomba kabla ya kufika pale, halafu inaungulia usoni mwa kigae chenyewe, mpaka kigae kinapata joto la nyuzi mia nane na zaidi na kuwa chekundu. Joto linaiendea sufuria kwa mionzi. Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akauliza, "Sasa hilo si kaa?"

Shemeji akacheka, lakini mama alikuwa amemaliza somo zima kwa maneno manne. Kaa jekundu la mgunga nalo hupika kwa mionzi hiyo hiyo. Majirani zetu Wahadzabe, wanaotupa mizizi yao juu ya makaa na kuitoa baada ya muda mfupi, wanapikia infraredi tangu babu wa babu zao, bila kioo na bila risiti.

Siku ya uzinduzi tukabandika makande. Asubuhi jiko lilikuwa na adabu kabisa, kigae chekundu, hakuna moshi, hakuna masizi, shemeji anapiga picha. Tatizo la bonde hili linaanza mchana. Kiangazi upepo hushuka kutoka kwenye ukingo wa Mbulu, unapita juu ya mbuga iliyokauka, unakusanya vumbi lote la Yaeda na kulileta jikoni kwangu. Kwenye boksi waliandika kwamba jiko halisumbuliwi na upepo. Upepo wetu haukuwa umesoma. Kigae kikaanza kupauka upande mmoja, jiko likaguna, kisha likasema "bup!" na mvumo ukaanza kusikika ndani ya bomba. Mbuzi walikuwa wa kwanza kuondoka.

Huo ndio moto kurudi nyuma. Gesi badala ya kuungulia juu ya kigae inaungulia chini yake, ndani ya bomba, na ukiiacha itaharibu kila kitu. Dawa yake ni kufunga gesi, kusubiri jiko lipoe, ndipo uwashe tena. Dawa ya shemeji ilikuwa kuvua koti na kulitandaza mbele ya upepo, amesimama mikono ameitanua, huku akitoa maagizo. Koti lilipochoka akaleta mabati, akazungushia jiko pande zote, na mtungi akauweka humo humo ndani ili nao usipigwe na vumbi. Hapo mama mkwe hakuuliza swali. Aliushika mtungi kwa shingo akautoa nje mwenyewe. Alikuwa sahihi tena. Mtungi haukai karibu na joto, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, kwa hiyo kuifungia ndani ya boma la bati ni kuomba matanga. Jiko lenyewe pia linahitaji hewa ya kuvuta. Kinga ya upepo iwe ukuta uliosimama hatua kadhaa kutoka kwenye jiko, si nguo ya kubana.

Kisha ikaja vita ya masufuria. Wifi yangu ni bingwa wa kusugua. Anachukua jivu na mchanga, na sufuria ya alumini ikitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Hizo ndizo alizoziona zinastahili jiko jipya, na chai ikakawia kuchemka mpaka wageni wakaanza kuaga. Mama mkwe akaleta sufuria lake la kuni, lenye tako jeusi tii, wifi akaficha uso kwa aibu, na maji yakachemka mapema. Sababu haina uchawi. Mionzi ikikutana na kitu kinachong'aa sehemu kubwa inarudishwa, na kitu cheusi kinaimeza. Masizi yale ya chini, ambayo mabinti wa nyumba hii wametukaniwa miaka yote, ndiyo rafiki wa infraredi. Tangu siku hiyo wifi anasugua ndani na pembeni tu, na chini anapapitisha maji huku ameangalia pembeni, kama mtu anayekwepa mdai wake.

Na tukiwa kwenye kuchemka, mama mkwe alizaliwa juu, Mbulu mjini, na siku zote amedai kwamba maharage ya huku bondeni yanaiva upesi kuliko ya kwao. Tulidhani ni maneno ya kuolewa mbali. Kumbe Mbulu iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati sisi huku chini tunafika kama 96. Nyuzi mbili hizo, kwa makande, ni gesi nyingi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha kabla hujawasha jiko la aina yoyote.

Makande hayo hayo ndiyo yaliyolivunja jiko. Mfuniko ulibanwa, mchuzi ukapanda, ukamwagikia kigae kikiwa chekundu, tukasikia "kak!" Kauri ya moto na maji haviivi chungu kimoja. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini moto unapitia hapo hapo kurudi nyuma, na kigae chenye ufa hakipakwi gundi wala udongo, kinabadilishwa. Fundi wa mjini alitutajia bei ya kigae. Tukauliza bei ya jiko zima. Tofauti ilikuwa nauli. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize muuzaji kigae cha akiba kiko wapi, na ukimwona anaangalia dari, nenda duka la pili.

Kigae kilipobadilishwa, masika yakaleta nyigu. Jiko lilipumzishwa kidogo bila kufunikwa, na nyigu wa matope akaona bomba la hewa ni nyumba ya serikali iliyo wazi. Tulipowasha, moto ukawa wa njano, sufuria likapata masizi mapya. Shemeji, kwa simu kutoka Arusha, akaagiza tuchokoe vitundu vya kigae kwa pini. Usijaribu. Pini inapanua tundu, na tundu lililopanuka linakaribisha moto nyuma. Tulitenganisha bomba, tukapitisha unyoya wa kuku, tukapuliza kigae kwa pampu ya baiskeli, rangi ikarudi. Nasi tusijione wanyonge. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita gereji magari ya Mazda6 maelfu kwa maelfu huko Amerika Kaskazini kwa sababu buibui walifuma tando kwenye bomba la hewa la tangi la mafuta. Kama Mazda walishindwa na buibui, mimi ni nani kwa nyigu.

Kiwashio kilikufa kwa vumbi siku tulipokuwa na wageni kutoka mjini. Mzee mmoja wa Kihadzabe alikuwa amekuja kuuza asali, na wageni wakageuka kumtazama, simu juu, wakisubiri apekeche vijiti viwili. Mzee akaingiza mkono mfukoni akatoa kiberiti cha gesi. "Vile vya kupekecha viko Mang'ola," akasema, "kwa watalii."

Mtaniuliza kwa nini sijalirudisha jiko kwa mwenyewe. Kuni za bonde hili si za kuchezea. Misitu ya Wahadzabe inalindwa, vijiji hupata fedha za hewa ya ukaa kupitia mradi wa Carbon Tanzania, na kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Equator ya UNDP mwaka 2019. Halafu alfajiri, kabla upepo haujaamka, chai inachemka bila mtu kulia moshi, na hilo hata mama mkwe anakubali, ingawa hasemi mbele ya shemeji. Makande yamerudi kwenye mafiga.

Nawe unayetaka la kwako, ukiwa unaishi kwenye upepo kama wetu, nunua mabati ya ukuta kwanza, kisha kitambaa kizito cha kulifunika, kisha mpira wa gesi mpya na sabuni ya kupima kama unavuja. Fedha ikibaki, nunua jiko.