Mita Inang'aa, Redio Haisemi

Kinyerezi tunaheshimu mwanga. Mitambo ya umeme wa gesi iko hapa hapa mtaani, wa kwanza ulianza na megawati 150, wa pili una megawati 240. Kwa hiyo msimshangae jirani aliyempelekea fundi redio ya upepo kuukuu, ile ya Kimarekani ya chaneli 40, iliyong'olewa kwenye lori lililokwishauzwa chuma chakavu. Kama inashika mawimbi, hilo hakuuliza. Aliuliza mbona kidirisha cha mita ya redio hiyo kina giza.

Fundi naye bingwa. Akatoa kiglopu cha njano kilichoanza kubabua plastiki, akaweka taa ya LED ya buluu na rizista ya kilo-omu moja, maana LED ukiipa volti 12 kavukavu inakuaga papo hapo. Akaisugua kichwa kwa msasa, mwanga usambae, usimulike mshale peke yake.

Sasa mita inang'aa hadi barazani. Mshale umelala kwenye sifuri, kwa sababu wa kuzungumza naye wote wamehamia WhatsApp, na waya wa antena umeanikwa kanga.

Lakini msimcheke. Ofisi ngapi tumezizindua kwa rangi mpya, bango jipya na taa za mapambo, huku simu ya mezani ikiita mpaka inachoka? Jirani yangu angalau hakukata utepe, na fundi kamlipa kwa hela yake.