Kwa Heshima ya Uvundo wa Nyumba

Tangu Ilemela iwe manispaa mwaka 2012, makao yake yakiwa Buswelu, nyumba za huku zinauzwa na kununuliwa sana, na wauzaji wameingiwa na tabia ya kusikitisha. Mtu hajamwita dalali, hajatoa hati kabatini, tayari anaifukuza harufu ya nyumba yake. Imemkosea nini?

Harufu hiyo haikununuliwa dukani. Vuli ya Oktoba hupandisha unyevu kutoka kwenye msingi ambao fundi hakuona haja ya kuutandika nailoni. Masika ya Machi huteremsha maji kutoka kwenye mawe ya mlimani hadi ukuta wa nyuma, na koga ikastawi kimyakimya nyuma ya kabati. Darini, popo hutoka kila magharibi kwa nidhamu ambayo wengi wetu hatunayo, na alfajiri hurudi kutoa mchango wao. Weka stoo kiroba cha dagaa wa Mwaloni Kirumba, walioanikwa siku ya mawingu wakaishia kukauka nusu, na kazi imekamilika. Upepo nao hauitupi: mchana huvuma kutoka ziwani, usiku ukarudi ziwani, hivyo harufu hupelekwa matembezi na kurejeshwa salama.

Manufaa yake ni mengi. Shemeji aliyekuja kukaa mwezi hukumbuka siku ya tatu kwamba ana shughuli Magu. Dalali mwenye maneno mengi huonyesha vyumba vitatu na sebule kwa pumzi moja, tena ile aliyoivuta akiwa nje. Mnunuzi naye huamua papo hapo, asiisumbue familia kwa ziara ya pili.

Wapo wanaouza Julai, wakati wa kiangazi, kuta zikiwa zimekauka na harufu imelala. Watu huwaita wajanja. Mimi nawaita wakarimu. Wamelipwa nyumba na kiwanja tu, lakini humwachia mnunuzi hazina nzima ndani ya kuta bila kudai shilingi. Huipokea Novemba, akiwa ameshahamia na ameshalipa, wakati ambao mtu anaweza kuithamini kwa utulivu.

Wanaofukiza udi na ubani siwalaumu sana. Moshi hukaa juu ya uvundo kama mgeni mwenye adabu, kisha ukajiondokea. Rangi mpya pia haina madhara, maana koga iliyopakwa juu bila kukwanguliwa hujitokeza tena mvua zikianza. Wa kuogopwa ni wale wanaochimba mfereji nyuma ya nyumba, wanaoziba matundu ya paa jioni popo wakishatoka wote, wanaofungua madirisha kila asubuhi. Hao ni watu hatari, kwa sababu mbinu zao hufaulu.

Wala tusifichane. Kila nyumba inayo, ya kwako ikiwemo. Mwenyewe huisikii kwa kuwa mmezoeana. Ndiyo maana mgeni akisita mlangoni unadhani anavua viatu.

Ningeulizwa, ningetaka iandikwe katika mkataba wa mauziano, baada ya idadi ya vyumba na kabla ya mipaka ya kiwanja, mashahidi waitie saini mvua ikinyesha, mnunuzi asije akadai baadaye kwamba alipunjwa.