Herufi Moja Imeponyoka

Mhitimu wa Uvira akishapeleka faili la kuomba chuo Bukavu au Bujumbura, usingizi humhama. Postnomu, jina lake la kati, imekosa herufi! Sasa itakuwaje?

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alipiga marufuku majina ya Kikristo, na postnomu ikachukua nafasi yake. Yaliporudi, Mkongomani akabaki na majina matatu: la ukoo, postnomu na la ubatizo. Fomu nyingi za ng'ambo zina visanduku viwili tu, basi mtu mmoja huonekana wawili, tena wasiojuana.

Ajabu ni kwamba serikali yenyewe haina presha. Wengi waliofaulu mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari huzunguka miaka na cheti cha muda, wakingoja diploma halisi itoke Kinshasa.

Waombaji, laleni. Kinshasa yenyewe bado haijaamka.